Mti wa maua uliokuta kwenye kompaundi na huujui jina: jinsi ya kuutambua na kuupogoa usikose maua mwakani

Malindi hapa watu wengi tunaishi kwenye nyumba zenye miti tuliyoikuta tu. Nyumba ilikuwa ya Mtaliano akauza akaenda kwao, ama ilikuwa ya mjomba, aliyepanda hayupo wa kuulizwa, alafu siku moja mti mmoja kule nyuma ya birika la maji unatoa maua ya ajabu na wewe unaanza kuuliza jamani huu ni mti gani na niukateje maana ushafika kwenye mabati. Mara nyingi jibu linalokuja ni kijana na panga. Anakata mpaka unabaki kigutu, unamlipa, na mwaka unaofuata ni majani tele ua hata moja hamna, watu wanaanza kusema mti una jicho la mtu. Jicho gani, zile ncha zilizokuwa na maua ndio alizoenda kuzitupa jaani.

Mimi ninavyoona, jina la mti ni zuri kulijua lakini usilifanye sharti. Cha lazima kabla ya kushika msumeno ni mambo matatu: mti unatoa utomvu gani ukiukata, ua linakaa wapi kwenye tawi, na linatoka msimu gani. Ukishika hayo hata jina likikosekana kabisa utapogoa vizuri, na mwenye jina bila hayo matatu bado ataharibu.

Tuanze na kuutambua hata hivyo, manake jina likipatikana linakupunguzia kazi.

Maua yaache kwanza, angalia majani. Najua ua ndilo lililokuita lakini ua linapotosha sana, chukua mfano wa maua ya njano peke yake. Kuna mjohoro, huo uko kila mahali barabarani, maua yake yanasimama kwa mafungu kwenye ncha za matawi na jani lake ni kikonyo kimoja chenye vijani virefu vya ncha butu vimepangwa jozi jozi mpaka mwisho, hakuna kijani kimoja cha pekee kileleni. Kuna kasia ile ya mashada yanayoning'inia chini kwa mnyororo, hiyo utaijua kwa maganda yake ya mbegu, marefu ya duara meusi yanaweza kufika hata sentimita 60 na watoto wanayapigia fimbo. Kuna tekoma, ua la njano lenye umbo la kengele na vijani vyenye meno meno pembeni. Alafu kuna thevetia, majani membamba marefu, ua la njano la kama faneli, ukivunja jani linatoka maziwa meupe, na huo ni sumu, kokwa yake ikiliwa inaharibu mapigo ya moyo na watu wamekufa nayo. Sasa ukimwambia mtu kwa simu "una maua ya njano" umemwambia nini hapo? Hujamwambia kitu.

Kwa hivyo vunja kitawi kimoja kidogo chenye majani ukiangalie kwa karibu. Jani ni moja zima ama ni vijani vingi kwenye kikonyo kimoja? Njia ya kujua ni kutafuta tumba, pale jani linapoungana na tawi panakuwa na kitumba kidogo kwapani, kama hakuna kitumba basi unachoshika ni kijani tu, jani lenyewe ni lile kubwa lote. Majani yamekaa mawili mawili yakitazamana ama moja huku moja kule? Mpera, mhina na mkomamanga majani yao yanatazamana. Ndimu, machungwa na jamaa zao ni moja moja, na ukifikicha jani harufu inakuambia yenyewe. Mpera una alama nyingine, kitawi kichanga kina pembe nne ukikizungusha kwa vidole, na gome la shina linabanduka vipande vipande panabaki laini. Olianda, ile ya mahotelini yenye maua ya waridi ama meupe, majani yake magumu membamba yanatoka matatu matatu kwenye kifundo kimoja, hiyo alama ishike vizuri kwa sababu mti wote ni sumu, majani, maua, kuni, mpaka moshi wake.

Mkrismasi sidhani kuna mtu wa pwani asiyeujua ukiwa na maua, lakini ukiwa hauna watu huwa wanauchanganya na miti mingine ya majani ya unyoya. Okota ua moja chini ulitazame. Petali ni tano, nne nyekundu na moja imesimama ina weupe na madoadoa, hiyo moja ndiyo kitambulisho. Na maganda yake magumu ya mbao yanakaa juu ya mti muda mrefu yakigongana na upepo.

Ukiwa huwezi peke yako, piga picha. Hapa ndipo watu wanakosea, wanapiga ua tu, la karibu, zuri, la kuwekea stetasi. Mama mmoja wa Muyeye alinitumia picha za namna hiyo, maua ya waridi yaliyofifia, mengi, umbo la ua la kunde, basi. Nikamwambia mama yangu nipigie shina, nipigie tawi zima kwa mbali, niokotee na chochote kilichodondoka chini. Akatuma. Tawi lilikuwa halina jani hata moja, maua yamejipanga kwenye sehemu ya tawi ya mwaka jana toka katikati mpaka karibu na ncha, na chini kulikuwa na ganda la bapa lililopasuka likajikunja. Ilikuwa mwezi wa Januari, kaskazi imekaza. Hapo hakuna haja ya kubahatisha, hiyo ni gliricidia, mti wa kutoka Amerika ya Kati ulioletwa kwa ajili ya fensi na kurutubisha mashamba, ukichomeka kijiti chake ardhini kinashika. Ua peke yake lisingetosha, kilichosema ni lile tawi tupu na ganda.

Kwa hiyo piga ua, jani juu na chini, gome, tunda ama ganda, na mti mzima. Programu ya PlantNet ni ya bure na inakuuliza kabisa hii picha ni ya jani au ua au tunda au gome, mpe kila kimoja usimpe ua peke yake. Majibu yanakuja na asilimia, jibu la kwanza usilichukue kama msahafu, fungua picha za huo mti ulinganishe na wako, hasa tunda.

Watu nao wanajua, ila ujue nani umuulize nini. Mti wa msituni ama wa mashamba ya zamani muulize mzee wa Kigiriama, atakuambia jina na dawa yake na kwa nini haukatwi. Mti wa mapambo ulioletwa na wageni mzee huyo huyo atakuambia "huo ni wa kizungu" na hapo mmefika mwisho, huo waulize vijana wanaofanya kazi za bustani kwenye majumba ya Casuarina ama wenye nasari za miche, wao ndio wanaipanda kila siku. Ikishindikana kuna KEFRI pale Gede, watafiti wa misitu, chukua kitawi chenye majani na maua kipande cha kama urefu wa mkono, kilaze kati ya kurasa za gazeti uweke kitu kizito juu, badilisha gazeti kila siku mpaka kikauke, ndio uende nacho. Kikienda kibichi kwenye mfuko wa nailoni kinafika kimeoza. Na Nairobi kwenye makumbusho ya taifa kuna hifadhi kubwa ya mimea mikavu ya Afrika Mashariki, hao wanapokea kitawi kilichokaushwa hivyo hivyo.

Kitu kimoja nisisahau, mkilua. Ukikuta kimti kifupi cha kivulini, majani ya kung'aa, viua vidogo visivyo na rangi ya maana lakini harufu imejaa uani kote, usikate mpaka umemuita bibi yeyote wa Lamu ama wa hapa mjini. Ni mti wa misitu ya pwani yetu ya Kenya na Tanzania tu, jina la kisayansi Mkilua fragrans lilitolewa 1970, na kina mama walikuwa wameshautia kwenye vikuba, vile vishada vya harufu vya kuvaa, na asumini na rehani zamani sana. Hauna haraka ya kukua na wala mara nyingi haufiki kwenye mabati, uache.

Sasa ua linakaa wapi kwenye tawi. Hili ndilo la msingi kuliko yote.

Kuna miti inayotoa maua kwenye chipukizi jipya, yaani tawi lililoota msimu huu huu ndilo lenye ua. Utaligundua kwa sababu ua liko kwenye kitawi laini cha kijani, na majani yapo. Mpera uko hivyo, mhina uko hivyo, mkomamanga, asumini, bogenvilia pia. Hii unaikata kabla haijaanza kuota, kwetu hapa mwisho wa kaskazi, Februari mpaka Machi, ili mvua za masika zikianza Aprili ikurupuke na machipukizi mapya na kila chipukizi lije na maua. Bogenvilia na asumini hata ukikata sana hazikununii. Mkomamanga taratibu, toa yale machipukizi yanayojaa chini kwenye shina, toa yaliyosongana katikati, basi.

Kuna inayotoa kwenye tawi la zamani, la mwaka jana, gome lake limeshakuwa kahawia. Gliricidia ya yule mama ndio hiyo. Hii ukiikata kabla ya maua umekata maua, haina hesabu nyingine. Unasubiri imalize, zile petali zikishadondoka tu ndio unaingia, ipate mvua zote za mbele kuotesha matawi yatakayobeba maua ya mwakani. Yeye nilimwambia asubiri mwezi wa tatu.

Na kuna inayotoa kileleni tu, kwenye ncha kabisa. Mwembe unaanza hapo, kila ncha iliyokomaa ndio inatoa shada, ndio maana mwembe unapogolewa mara tu baada ya kuvuna na si baadaye, zile ncha zinahitaji muda zikomae. Lakini mfano mzuri zaidi ni franjipani, ile yenye maua meupe yenye moyo wa njano, harufu ya jioni, matawi manene kama vidole. Itazame kwa karibu: tawi linaenda bila jani, linafika mwisho hapo kuna kishungi cha majani na shada la maua katikati. Maua yakiisha, chini ya lile shada linagawanyika linatoa matawi mawili matatu, kila moja linaenda mpaka lifike ncha yake litoe shada lake. Ukihesabu hizo panda kutoka ncha kurudi shinani unaona mti ulivyojijenga msimu kwa msimu. Ukikata ncha mia umekata mashada mia, ila msimu wa mbele kila mkato unaweza kutoa ncha mbili ama zaidi. Kwa hivyo franjipani haikatwi yote mwaka mmoja. Chagua matawi machache yanayogonga ukuta, yakate pale yanapogawanyika, mwakani mengine. Ikatwe wakati wa kaskazi imepukutisha majani. Vipande ulivyokata viweke kivulini wiki moja mbili mpaka pale palipokatwa pakauke, alafu vichomeke kwenye mchanga, vinashika, mpe jirani.

Kama hujui uko kundi gani, dawa ni kungoja mti utoe maua mara moja ukiutazama. Funga kikamba kwenye matawi mawili matatu yenye maua, na baadaye utaona ni tawi jipya ama la zamani na mwezi gani. Najua mtu mwenye matawi kwenye mabati hataki kusikia habari ya kungoja, basi toa matawi makavu, yaliyooza na yale mawili yanayosuguana, hayo yanatolewa wakati wowote kwenye mti wowote bila kuujua jina, na mara nyingi ukishatoa hayo unakuta tatizo limeisha nusu.

Msimu una mambo mengine mawili hapa kwetu. Mkato mkubwa usiufanye Mei katikati ya masika, unyevu ni mwingi na kidonda kinaingia ukungu. Na kama nyumba iko karibu na bahari, ukikata mti ukaota machipukizi laini kusi ikiwa imechachamaa, Juni mpaka Agosti, upepo wa chumvi unayaunguza yanakuwa meusi. Walioko huko ndani Maweni na Barani hilo haliwahusu sana.

Vifaa: mkasi wa kupogolea kwa vitawi vya unene wa kidole, msumeno wa upinde ama ule wa kukunja kwa yaliyobaki. Panga liache kwenye nazi. Panga linapasua, linaacha nyuzi nyuzi, na maji yanakaa hapo. Futa meno ya msumeno na spiriti kabla ya kuanza na unapohama mti mmoja kwenda mwingine, hasa kama ulikuwa unakata kitu kilichooza. Glavu, na miwani yoyote ya kukinga macho kwa miti ya maziwa. Utomvu wa franjipani unawasha ngozi na haitoki kwenye nguo, ila ule wa mnyaa ndio wa kuogopa, tone moja kwenye jicho linaweza kukuharibia macho, maji safi mengi hapo hapo na hospitali. Olianda na thevetia usizichome, usizitupe mbuzi wanapofika, na vijiti vyake visitumike kuchomea mishikaki, zizike ama zipeleke na taka.

Tawi zito halikatwi kwa mkato mmoja. Chukua tawi la mkrismasi lenye unene wa paja linaloenda kuelekea paa: ukilikata kutoka juu karibu na shina, likifika nusu linavunjika kwa uzito wake na kuvuta gome la shina mpaka chini, unabaki na jeraha la mita nzima. Kwanza anzia upande wa chini wa tawi, kama sentimita 30 kutoka shinani, kata kuelekea juu mpaka theluthi ya unene, acha msumeno usije ukabanwa. Pili sogea mbele kidogo kuelekea nje ukate kutoka juu, tawi litadondoka lenyewe na mpasuko utaishia kwenye ule mkato wa chini. Kama lipo juu ya mabati lifunge kamba kwanza na mtu ashike upande wa pili. Tatu ndio unaondoa kigutu kilichobaki ambacho sasa hakina uzito.

Huo mkato wa mwisho ndio wenye siri. Pale tawi linapotoka shinani kuna uvimbe, gome limekunjamana kama shingo ya fulana. Kata nje ya huo uvimbe, usiuguse. Ukikata ndani yake ukilalia shina, kidonda kinakuwa kikubwa na kile kinachotakiwa kukifunga umeshakitoa. Ukiacha kigutu kirefu kinakauka, kinaoza, na kuoza kunaingia ndani. Ukikata sawasawa utaona baada ya miezi gome linaanza kuzunguka kidonda kwa duara kutoka pembeni.

Na tafadhali usipake rangi, wala saruji, wala oili chafu ya gari. Hii tabia iko kila mahali. Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, alipasua maelfu ya miti kuangalia ndani yake na akaonyesha kwamba mti hauponyi kile kidonda bali unakizungushia ukuta kutoka ndani, na rangi haizuii kuoza. Saruji ndio mbaya zaidi, inashika maji nyuma yake.

Jumla usiondoe zaidi ya robo ya majani yote kwa msimu mmoja. Mjohoro, gliricidia na mkilifi (mwarobaini) zitavumilia zaidi ya hapo, zinaota hata ukizikata kigutu, lakini kwa mti usiojulikana usijaribu. Tena hapa kuna jua, shina ambalo limekaa kivulini miaka yote ukilianika ghafla kwenye jua la kaskazi gome linababuka na kupasuka upande wa magharibi.

Kabla ya kupanda angalia viota na nyuki, na waya za stima. Tawi lililogusa waya haliguswi na mtu wa nyumbani, waite wenye waya wakate wao.

Kama huo mti ni mkrismasi na uko mita mbili tatu kutoka ukuta wa nyumba au birika, kupogoa juu hakutakusaidia kitu, mizizi yake inatambaa juu juu inanyanyua sakafu na kupasua kuta, hapo zungumza na mwenye nyumba habari ya kuuondoa kabisa na kupanda mwingine mbali. Kwa wenzetu wa Lamu wenye viwanda vidogo, yaani nyua za wazi, katikati ya nyumba ya mawe hili ndio la kufikiria mwanzo, na matawi yakateni mafupi mkiyafunga mizigo miwili inayolingana, punda hapiti kwenye kichochoro na tawi la mita tatu.

Baada ya mvua ya kwanza mti utatoa machipukizi mengi pale ulipokata, mengine yanapanda juu wima kama mishale, marefu, hayana maua. Yatoe kwa mkono yakiwa bado laini, vuta yang'oke na kitako chake. Bakisha mawili ama matatu yanayoelekea nje. Na kama mti ni wa kuunganishwa, ndimu au mwembe wa kisasa, chochote kinachoota chini ya ule muungano shinani kitoe, hicho si mti wako ni ule wa chini unaotaka kurudi.

Maji mpe wiki za mwanzo kama mvua imechelewa, mbali kidogo na shina, na majani makavu tandaza chini.